Aliyechora Pazia la Malenge

Nyinyi mnaochora kwa kompyuta, wekeni simu chini kidogo mnisikilize. Mimi naitwa Wanjiru. Nilisoma mpaka darasa la tano nikatoka, na siku hizi sioni hata tundu la sindano. Lakini kama ulilelewa kati ya Thika na Ruiru, na sebuleni kwenu kulikuwa na pazia la rangi ya maziwa lenye majani ya malenge yanayotambaa na maua yake ya manjano, basi umekua ukiangalia kazi ya meza yetu. Sijigambi, nasema ilivyo. Na hata nikijigamba, nina haki.

Nimekaa chini kuandika kwa sababu ya Njeri. Njeri ni msichana wa hapa kwetu Gatongora, Ruiru, alisomea kuchora kule Juja, na sasa ana duka la mapazia na mito ya viti. Mwezi uliopita alikuja kwangu na kipande cha pazia la malenge alichotoa kwa nyanya yake, kimefifia mpaka ile manjano imekuwa kama chai ya maziwa. Akasema anataka kulirudisha lile pazia, lichapishwe upya, kwa sababu watu wanachoka na mapazia ya rangi moja kama ukuta wa hospitali. Nikamwambia ni vizuri. Halafu akanionyesha kwa simu maneno yatakayochapishwa pamoja na kitambaa: Mchoro wa Shosho Wanjiru, yaani wa nyanya Wanjiru.

Nikamwambia, "Futa."

Akacheka, akidhani naona haya. Nikamwambia tena afute, kwa ile sauti ambayo wajukuu wangu wanaijua. Hilo pazia nililifanyia kazi, ndiyo, nimelipitia kwa brashi jani kwa jani. Lakini aliyelichora si mimi. Alilichora Mama Ouma.

"Mama Ouma nani, Shosho?"

Nilikaa na yule mama meza moja miaka kumi na mmoja. Nilijua anaweka sukari vijiko vingapi. Nilijua ni goti lipi linamuuma mvua ikikaribia. Lakini jina lake mwenyewe, lile aliloitwa akiwa msichana kwao, sikulijua. Ouma alikuwa mtoto wake wa kwanza, na sisi sote tukamwita kwa mtoto, kuanzia meneja mpaka mlinzi wa geti. Mimi pia. Hakuna siku nilimuuliza.

Njeri hakunisimanga. Alisema kitambaa kinaenda kwa mashine wiki inayofuata, na kwamba nafasi ya jina ataniwekea mpaka Ijumaa. Nisipopata jina, ataandika kuwa mchoraji hajulikani. Nikamwambia anajulikana, mimi namjua. Akaniuliza kwa upole, "Basi anaitwa nani?" Huyo msichana atafika mbali. Na siku hiyo nilitamani kumzaba kofi.

Sasa niwaambie huyo mama alikuwa mtu gani, ndiyo muelewe kwa nini neno hilo la hajulikani lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kiwanda chetu kilikuwa Thika. Kimefungwa zamani, na sitaki kusema zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa nakaa Kiandutu, chumba kimoja na dada yangu, na kila asubuhi nilienda kwa miguu na chupa ya uji. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha fremu. Pazia lililochapishwa linafanywa hivi: kila rangi ina fremu yake ya mbao, imekazwa kitambaa chembamba sana kama ngozi ya ngoma. Rangi inapita pale palipoachwa wazi, pengine pote pamezibwa. Pazia la rangi nne, fremu nne, na zote lazima zikae mahali pake, la sivyo ua linahama kutoka kwa kikonyo chake. Rangi ikikauka ndani ya fremu, hiyo fremu imekufa. Kwa hivyo unaosha mbio mbio. Mikono yangu ilikuwa inakaa kijani wiki nzima. Kanisani nilikuwa naificha chini ya Biblia, na kijana mmoja wa kwaya akauliza kama nafanya kazi ya kukamua sukumawiki.

Chumba cha michoro kilikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa mkuu wa michoro. Alikuwa na kiti cha kuzunguka, meza ya dirishani, na mhuri. Wa pili alikuwa Mama Ouma, mwanamke mrefu kutoka upande wa ziwa, mwenye kitambaa kichwani saa zote na penseli ndani ya kitambaa. Yeye alikuwa na meza ndefu ya kioo yenye taa chini yake, na kando ya meza kulikuwa na fagio. Fagio lilikuwa lake. Kwa kadi yake ya kazi alikuwa ameandikwa mfagiaji, kwa sababu alipoajiriwa hapakuwa na nafasi ya mwanamke kuchora, na nafasi hiyo haikupatikana baadaye pia. Basi asubuhi anafagia dakika kumi, halafu anaosha mikono, anachora mpaka jioni. Akimaliza, mkuu anapiga mhuri.

Nisiseme uongo, mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karatasi nyingi za chuo, lakini jicho lake la kuona mchoro lilikuwa limelala. Wakati mmoja alichora mwenyewe pazia la ndege. Ndege wazuri, kila mmoja amesimama kwa tawi lake, unaona mpaka kucha. Likachapishwa, likauzwa, na baada ya muda malalamiko yakaanza kuja. Fundi akikata pazia la pande mbili, ili kitambaa kisipotee anageuza kipande cha pili. Sasa mama wa watu yuko sebuleni na wageni, upande wa kushoto ndege wamesimama vizuri, upande wa kulia wamelala chali miguu juu kama waliokula sumu. Mama Ouma alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akaniambia jambo ambalo nyinyi nawapa bure: pazia lichore lisijue juu ni wapi na chini ni wapi. Jani moja liangalie dari, lingine liangalie sakafu. Fundi ageuze atakavyo.

Wakati huo alikuwa ameshanitoa kwa fremu. Ilikuwa hivi. Siku moja nilimpelekea fremu ya kukagua, nikamwambia ua moja lina petali sita na mengine yote yana tano. Akaangalia. Akauliza nani amenifundisha kuhesabu maua. Nikasema hakuna mtu, nimeona tu. Asubuhi yake akamwambia mkuu anataka yule msichana wa mikono ya kijani, na mkuu, ambaye hakuwahi kumkatalia kwa sababu bila yeye angefanya nini, akapiga mhuri.

Msidhani nilifurahi siku nyingi. Mwezi wote wa kwanza nilichora jani la malenge peke yake. Jani moja, karatasi baada ya karatasi. Aliniletea jani lenyewe kutoka kwa kijishamba chake nyuma ya nyumba, kila siku jipya, kwa sababu la jana limeshalegea na jani lililolegea linakufundisha uongo. Aliniita nyathina, ndiyo mwanangu kwa Kijaluo chao, lakini rula yake haikujua mimi ni mwana wa mtu. Nikichora jani kwa kukumbuka, bila kuliangalia, inanipata kwa kiwiko. "Unachora jani la kichwani kwako," alikuwa anasema. "Hilo watu hawajawahi kulila."

Halafu akanifundisha kuunganisha. Hapa sikilizeni, kwa sababu kompyuta zenu zinawafanyia na nyinyi hamjui zimefanya nini. Mchoro wa pazia ni kipande kidogo tu, kama trei ya chai, ambacho kinarudiwa na kurudiwa mpaka kitambaa kiishe. Kazi ngumu iko pale kipande kimoja kinapokutana na kingine. Yeye alikuwa anakata mchoro vipande vinne, katikati juu mpaka chini, katikati kushoto mpaka kulia. Halafu anabadilisha: cha juu kushoto kinaenda chini kulia, na vingine hivyo hivyo. Sasa kingo zote zimeingia katikati, na kila aibu iko mbele ya macho yako. Pale palipo na pengo unachora. Ukimaliza hakuna mtu atajua trei inaanzia wapi.

Jambo la mwisho lilikuwa hatua ishirini. Hakuna mchoro uliotoka kwa meza yake bila kutundikwa ukutani mwisho wa korido, vipande sita pamoja, na yeye kurudi nyuma hatua ishirini akifumba macho nusu. Mimi niliona hiyo ni kupoteza wakati. Si mchoro uko hapa mezani, nauona? Nilikuwa na akili nyingi siku hizo.

Basi sasa kosa langu.

Pazia la malenge alilichora kwa wiki nyingi, kidogo kidogo, katikati ya kazi nyingine. Mkuu akalipigia mhuri, na wafanyabiashara walipokuja kuchagua wakalipenda kuliko yote, na mkuu akasema asanteni. Mimi nikapewa kulifuatisha. Kufuatisha ni kuweka plastiki inayoonyesha juu ya mchoro, kwa meza ile ya taa, na kupaka wino mweusi mahali pa rangi moja. Halafu plastiki nyingine, rangi nyingine. Nikafika kwa kijani. Na nikaona, katikati ya mchoro wote, jani moja limekaa vibaya. Mengine yote yalifuata kikonyo vizuri, moja juu moja chini, yote yameelekea upande mmoja kama watu wakipita kwa njia. Hilo moja limegeuka nyuma, limekatiza kikonyo, na halina hata umbo zuri.

Mama Ouma hakuwepo siku hiyo, mtoto alikuwa mgonjwa. Nikajiambia, mama wa watu alichoka, mkono ukateleza. Mimi ndiye yule wa petali sita, sivyo? Nikaligeuza jani. Nikalipanga na wenzake, nikalipa umbo. Hata nilifurahi, nikaona nimemfanyia zawadi. Aliporudi hatukuzungumza juu yake, plastiki zilikuwa zimeshaenda kuchomwa, yaani kupigwa mwanga ndiyo mchoro uhamie kwenye fremu.

Walipochapisha, mezani kilikuwa kitambaa kizuri. Mashine ikaendelea mpaka mchana. Halafu wakakitundika kwa dirisha kubwa la ghala, kutoka darini mpaka chini, ndiyo meneja aje aone. Mimi nilikuwa mlangoni, mbali. Na kutoka pale mbali nikaiona.

Barabara. Barabara nyeupe imekatiza pazia lote kutoka juu kushoto mpaka chini kulia, halafu nyingine, halafu nyingine, kama mtu amepitisha trekta kwa shamba la malenge. Karibu huioni. Ukirudi nyuma huoni kitu kingine. Lile jani lililokaa vibaya lilikuwa limewekwa pale makusudi, kuziba hiyo njia. Mama Ouma alikuwa amerudi nyuma hatua ishirini, akaiona barabara, akaenda akaweka jani katikati yake. Na mimi nikalitoa njiani, nikifikiri namsaidia.

Meneja alitaka kujua ni nani. Hapo ndipo nilijifunza jambo ambalo sijalisahau. Siku ambayo wafanyabiashara walisifu lile pazia, hakuna aliyeuliza ni kazi ya nani. Siku ya barabara, kila mtu aliuliza. Mkuu akageuka, akasema mchoro huo ni wa yule mwanamke. Kwa mara ya kwanza akasema ni wake.

Mama Ouma alikuwa amekuja na kusimama na brashi mkononi. Aliangalia pazia, na najua aliona mara moja lile jani haliko mahali pake. Alijua pia ni nani aliyelitoa, maana tulikuwa wawili tu kwa ile meza. Akapangusa mikono kwa aproni, akasema, "Ni langu."

Karani aliyekuja na meneja akafungua daftari la makosa. Aliyeandikwa mara moja anaonywa. Mara mbili anaenda nyumbani. Na Mama Ouma alikuwa ameshaandikwa mara moja, sababu ya kuchelewa siku ambazo mtoto aliugua. Mimi nilikuwa nimesogea karibu, nimejificha nyuma ya fremu. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na chumba Kiandutu, dada yangu alikuwa na mimba. Niliyafikiria hayo yote, msiniulize kama sikuyafikiria. Karani akaandika M, akaandika a, akaandika m. Nilikuwa naona kalamu.

Nikatoka, nikasema jani nililigeuza mimi, yeye hakuwa kazini, na mchoro wake haukuwa na kosa lolote. Meneja akauliza jani gani, hakuelewa kitu. Basi Mama Ouma akachukua chaki ya kijani, akaenda kwa pazia, akachora jani moja pale mahali pake, halafu la pili, halafu la tatu, kila mahali barabara ilipopita kwa upande mmoja wa pazia, akipanda ngazi mpaka juu. Akashuka. Akamwambia meneja arudi nyuma. Meneja akarudi, akaona upande wenye chaki hauna barabara na upande usio na chaki unayo.

Karani alitaka kukata lile jina na kuandika langu. Mama Ouma akamwambia aandike yote mawili: aliyechora ni fulani, aliyeharibu ni fulani. Karani akasema daftari hilo ni la makosa peke yake, halina mahali pa aliyechora. "Weka tu," akamwambia. "Hata hapo." Yule karani akaweka. Aliandika Mama Ouma.

Mimi nilionywa, sikufukuzwa. Na kile kitambaa cha barabara? Kila mtu alidhani ni cha kutupa. Mama Ouma akasema barabara inaonekana ikiwa ndefu, ikate, itapotea. Tulikikata vipande vya mraba, kikawa mito ya viti na vitambaa vya kufunika migongo ya makochi. Kwa kipande kidogo hivyo, hakuna jicho linaweza kuona njia. Viliisha kabla ya mapazia yenyewe kutoka. Kama nyumbani kwenu kulikuwa na vitambaa vya malenge kwa viti, angalia vizuri: majani yake yote yameelekea upande mmoja, hakuna lililogeuka nyuma. Hilo ni kosa langu, na mmelikalia miaka yote hiyo bila kujua.

Tuliporudi chumba cha michoro siku hiyo hakunigombeza. Hilo lilikuwa baya kuliko rula. Alisema tu, "Ukiona kitu kimekaa vibaya kwa kazi ya mtu, muulize kwanza alikiweka kwa nini." Halafu akaniambia nifagie, maana yeye alikuwa amechoka.

Nyinyi wa siku hizi nawasifu, msifikiri mimi ni wa kununa tu. Njeri alinionyesha vile kwa kompyuta unabadilisha manjano kuwa buluu kwa kidole, kazi ambayo ilikuwa inatuchukua siku tatu na fremu mpya. Nilishangaa, na nikaona wivu. Lakini mnachora kwa kioo cha ukubwa wa kiganja na mnaamini mmeona. Nilimfanya Njeri achapishe mchoro wake mmoja kwa karatasi, tukatundika kwa ukuta wa duka, tukavuka barabara ya lami tukasimama upande ule wa muuza makaa. Akaona milia mitatu ambayo hajawahi kuiona. Alirudi dukani akaufanya upya.

Sasa turudi kwa jina, kwa sababu Ijumaa ilikuwa inakuja.

Jumanne nilienda Thika. Nilikuwa najua Mama Ouma alikuwa anakaa Makongeni na anasali huko. Kanisani nikapata mama mmoja mzee anayepanga maua ya madhabahu. Aliponisikia akasema pole, Mama Ouma alishafariki, walimzika kwao miaka mingi iliyopita. Nilikaa kwa benchi kwanza. Nilikuwa najua inaweza kuwa hivyo, kwa umri wake, lakini kujua na kuambiwa ni vitu viwili. Nikamuuliza aliitwa nani. Akafikiri, akafikiri, akasema, "Si Mama Ouma?" Nikaona nisimlaumu. Mimi nilikaa naye meza moja.

Akaniambia Ouma mwenyewe yuko, ana karakana ya kuchomelea mageti hapo hapo Makongeni. Alhamisi nikaenda.

Ouma sasa ana mvi. Nilimkumbuka akiwa mtoto wa kukohoa. Alinipa kiti, akazima mashine, akaniita mama. Nikamweleza nimetoka wapi na nataka nini. Nilidhani nitamkuta anajua yote, nimuulize jina, aniambie, niende. Lakini kila nilipotaja kuchora alikuwa ananiangalia kama mtu anayesikiliza habari za nyumba nyingine.

Akaniambia, "Mama, huyo si wetu. Wetu alikuwa mfagiaji."

Nikamwambia ni wenu. Nikamweleza kadi ya kazi ilisemaje na mikono ilifanya nini. Nikamweleza penseli kwa kitambaa cha kichwa, na hapo akainama, kwa sababu penseli aliikumbuka. Akasema walipokuwa shuleni, watoto wakiulizwa mzazi anafanya kazi gani, yeye alikuwa anasema mama yake ni karani. Alikuwa anaona haya ya fagio. Mama akajua, hakumpiga, hakumrekebisha. Akasema pia kwamba nyumbani kwao dirisha lilikuwa na leso kuukuu, hajawahi kuona hata pazia moja la kiwanda hicho ndani ya nyumba yao.

Nikatoa kile kipande cha Njeri nikakiweka gotini kwake. Nikamwonyesha lile jani lililokaa vibaya, kwa sababu hicho kilikuwa kipande kizuri, cha baada ya kosa langu kurekebishwa. Nikamweleza linafanya kazi gani. Mtu wa kuchomelea anaelewa maungio haraka. Alilishika kwa kidole cheusi cha masizi akaliacha, akalishika tena.

Halafu akasema jina. Sikuwa nimeuliza tena. "Rosalia," alisema. "Rosalia Anyango Okech. Okech ni baba yake, si mume. Andika hilo."

Nikampigia Njeri simu pale pale karakanani, nikamfanya aandike huku nikimsikia, halafu nikampa Ouma amtajie herufi moja moja. Ilituchukua dakika tano. Sikutaka kosa lingine la mkono wangu kwa kazi ya yule mama.

Kitambaa kilitoka. Njeri alinileta dukani nikione, na mimi badala ya kumshukuru nikaanza kugomba. Jina alikuwa ameliweka kwa ukingo, ule mstari mwembamba wa kando ya kitambaa ambapo mashine hushikilia. Limerudiwa kila baada ya hatua moja, ndiyo, herufi za kijani, Mchoro wa Rosalia Anyango Okech. Lakini kila fundi wa mapazia anajua ukingo haubaki nje. Anaukunja ndani, anapiga pindo, au anaukata kabisa. Nikamwambia amemchukua yule mama akamtia tena ndani ya pindo. Njeri akasema wenye mashine hawaandiki mahali pengine, na kwamba ameweka jina pia kwa lebo ya kila mto na kwa ukuta wa duka. Nikaenda nikaangalia ukuta. Liko, kubwa, na langu liko chini yake, dogo, limeandikwa kuwa nilifuatisha. Hapo nikapoa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Ouma alikuja Ruiru mwenyewe kuchukua kitambaa cha dirisha moja. Hakukubali kupewa bure. Wiki mbili baadaye akanialika chai kwake, na mimi nikavaa nguo ya Jumapili nikaenda.

Lilikuwa limetundikwa sebuleni, dirisha la mbele, kutoka juu mpaka sakafuni. Nilirudi nyuma mpaka mlangoni, nikafumba macho nusu. Hakuna barabara. Majani yalitambaa ukuta wote, na hujui yanaanzia wapi. Kama kuna siku nimejivunia mikono hii, ni hiyo.

Jirani yake akaingia kuomba kiberiti, mama wa maneno mengi, akasimama kuliangalia. Akasema ni zuri, halafu akashika kando. "Lakini Ouma, huyu fundi wako amekuchezea. Angalia, hajapiga pindo. Ukingo wote ameuacha nje."

Ouma alikuwa anamimina chai. Hakugeuka. "Nilimwambia auache," akasema.

Mimi maisha yangu yote nimechukia kitambaa kisicho na pindo. Nikainuka, nikamwambia yule mama asogee karibu avae miwani yake, na nikalivuta pazia kidogo kuelekea kwenye mwanga ndiyo asome.